Kurudi kwa Marafiki Baada ya Mwaka wa Mikosi: Mwongozo Kamili

Watu walionieleza jinsi walivyojaribu kurudi kwa marafiki baada ya mwaka mbaya wamekwama karibu wote mahali pamoja. Mtu amepoteza kazi, au biashara imemfia mikononi, au ameuguza mpaka akiba ikaisha, akajificha miezi kumi. Mambo yalipoanza kutengemaa akaandika ujumbe mmoja mrefu wa kueleza yaliyomsibu, akautuma kwa watu kumi na wawili kwa mkupuo, akajibiwa na wawili: "Pole sana, tutafutane." Hakuna aliyemtafuta, naye akahitimisha kwamba hana marafiki.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, na umejengwa juu ya jambo moja ambalo mimi mwenyewe nililijua baada ya kukosea: anayerudi hutanguliza la mwenzake kabla ya lake. Katika miezi ile uliyokuwa umejifungia, wao nao walizika, walioa, walizaa, walihamishwa kazi, na wewe hukuwepo. Ukianzia hapo, mazungumzo yanapata pa kushika. Ukianza na mkasa wako, hata uwe wa kusikitisha namna gani, utasikika kama utangulizi wa mzinga, yaani wa kuomba fedha.

Mifano yangu ni ya Dar es Salaam kwa kuwa ndiko ninakoishi.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Daftari dogo na kalamu. Usiifanye kazi hii kwenye simu, kwa sababu utaishia kutazama picha za harusi ulizozikosa.
- Laini ya simu iliyo hai, na ikiwezekana iwe ile ile ya zamani.
- Muda wa maongezi wa kutosha simu tano au sita ndefu. Bando la ujumbe peke yake halitakufikisha.
- Fedha kidogo iliyotengwa. Kwa hesabu yangu, Sh 60,000 hadi 100,000 kwa mwezi wa kwanza zinatosha nauli, bahasha za pole na kipande cha kwanza cha deni. Ukiwa na pungufu ya hapo, punguza idadi ya watu utakaowaendea mwezi huo.
- Bahasha chache za kawaida.
- Jioni mbili za kila wiki kwa muda wa miezi mitatu.

Jipime kabla hujafungua daftari. Ikiwa bado hulali, huli, au kila siku unawaza kwamba ni afadhali usingekuwepo, anza na hospitali. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili, na hospitali ya mkoa wako itakuelekeza pa kwenda kama uko mbali na Dar es Salaam. Mwambie pia mtu mmoja wa nyumbani hali yako leo leo, bila kusubiri hatua yoyote ya hapa chini.

## Hatua ya 1: Andika majina, na mbele ya kila jina andika la kwake

Gawa ukurasa katika safu tatu. Ya kwanza ni jina, ya pili ni lililompata mwenzako katika mwaka ule, na ya tatu ni unalodaiwa kwake, liwe fedha, pole, hongera au simu ambayo hukuipokea. Mstari mmoja wa daftari langu ulisomeka hivi: "Fundi majokofu. Mama yake alifariki mwezi wa nane, sikwenda. Ananidai 180,000 tangu Februari. Alipiga mara tatu, sikupokea."

Ile safu ya pili ndiyo inayowashinda wengi, maana mtu aliyejificha hana habari za wenzake. Rudi kwenye ujumbe wa zamani wa makundi usome bila kuandika chochote. Muulize mtu mmoja asiye na kinyongo nawe, mara nyingi shemeji au jirani wa zamani. Usimdharau kinyozi wa mtaa: kwa uzoefu wangu anajua nani amefiwa na nani amehama kabla hata ya mjumbe wa nyumba kumi.

Ukikamilisha orodha, chagua watu watano tu wa mwezi wa kwanza. Wa kwanza kati yao asiwe yule wa karibu kuliko wote. Huyo ndiye aliyeumia zaidi na kimya chako, na kwake maneno yako ya kwanza yatakuwa na kigugumizi. Anza na mtu wa kati, mwenye moyo mwepesi, aliye katika mzunguko ule ule. Ulimi utalainika kwake, na habari kwamba umeonekana zitakutangulia kwa wengine.

Hapa nina onyo. Methali ya "akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki" imewapotosha wengi wanaotoka katika dhiki, kwa kuwa huigeuza kuwa rungu la kuwakata watu kwenye orodha. Mimi nilikata majina matatu kwa hasira. Baadaye nilikuja kujua kwamba wawili kati yao hawakuwa na habari yoyote ya kufungwa kwa duka langu, na wa tatu alikuwa ameambiwa kwamba nimehamia Mwanza. Mtu hawezi kukufaa katika dhiki uliyomficha. Usimkate yeyote mpaka umeongea naye.

Hatua hii imekamilika ikiwa safu ya pili ina kitu mbele ya majina yasiyopungua matano. Ikiwa bado ni tupu, hujawa tayari kupiga simu.

## Hatua ya 2: Hakikisha namba, yako na zao

Kama laini yako ya zamani ilipotea pamoja na simu, irudishe kwanza. Nenda kwenye duka la huduma la kampuni ya simu ukiwa na namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA), utaweka alama za vidole, na namba ile ile itawekwa kwenye laini mpya. Usichelewe, kwa sababu namba iliyokaa muda mrefu bila kutumika hufungwa na inaweza kupewa mtu mwingine.

Sababu ya kusumbuka hivyo ni kwamba namba ngeni nchini mwetu inanuka utapeli. Kila mtu amewahi kupokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii." Wewe ukiandika kwa namba ngeni, "Habari za siku nyingi ndugu yangu, ni mimi, nimebadilisha laini," unasikika kama walewale. Kama namba ya zamani haipatikani tena, usianze kwa kuandika. Piga, ili mwenzako aisikie sauti yako, na utaje jambo ambalo ninyi wawili tu mnalijua.

Namba zao nazo huenda zimebadilika. Ipo njia rahisi ya kuhakikisha: anza kutuma kiasi kidogo kwa huduma ya fedha ya simu, na jina la aliyesajili laini litajitokeza kabla ya muamala kuthibitishwa. Lisome, kisha ghairi. Kumbuka tu kwamba wapo wanaotumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya wake, waume au kaka zao, hivyo jina la ukoo ule ule linatosha kukutuliza.

## Hatua ya 3: Andaa mkasa wako katika sentensi tatu

Utaulizwa ulikuwa wapi. Asiyejiandaa hujibu kwa mojawapo ya njia mbili, na zote ni mbaya: ama "nipo tu, mihangaiko," ambayo inamfungia mwenzake mlango, ama simulizi ya saa nzima yenye majina ya waliomdhulumu.

Andika sentensi tatu. Ya kwanza iseme lililotokea, ya pili iseme kosa lako, ya tatu iseme ulipo sasa. Zangu zilikuwa hizi: "Duka lilifungwa mwezi wa tatu baada ya mzigo kukwama, na mwezi wa tano nikaanza kumuuguza mama. Niliona aibu nikaacha kupokea simu, na hilo lilikuwa kosa langu. Sasa mama anatembea, nami nimepata kazi ya kusimamia ghala." Zisome kwa sauti mara kadhaa ukiwa peke yako, mpaka uweze kuzisema bila koo kukaza.

Sentensi ya pili ndiyo ambayo wengi huiruka, kwa hoja kwamba yaliyowapata hayakuwa makosa yao. Ni kweli mzigo haukukwama kwa sababu yangu. Lakini aliyeacha kupokea simu tatu za rafiki yangu ni mimi, si mzigo.

## Hatua ya 4: Shughulikia deni kabla ya kuomba kuonana

Kimya cha mtu anayekudai kina tafsiri moja kwake, kwamba umemkimbia. Salamu tamu zisizotaja deni humwongezea uchungu, kwa sababu anabaki akingoja utalitaja lini, na yeye mwenyewe anaona haya kulitaja. Kwa hiyo deni liende mbele yako.

Tuma kipande cha kwanza siku ile ile utakayoandika, hata kiwe kidogo, na uweke na ya kutolea. Ujumbe uwe na kiasi, tarehe na kukiri, basi. Huu ndio niliomwandikia fundi majokofu: "Ndugu yangu, salaam. Nimekutumia 30,000 na ya kutolea, ni sehemu ya ile 180,000 ya Februari mwaka jana. Iliyobaki nitaituma 30,000 kila tarehe 5 mpaka iishe. Nilikukwepa, na nilikosea." Nilikaa na simu mkononi kituoni Magomeni, daladala mbili zikanipita. Jibu lilipokuja lilikuwa na maneno matatu: "Imefika. Hujambo lakini?" Lile "lakini" ndilo nililokuwa nalitafuta. Ukilipata la namna hiyo, au swali lolote linalokuhusu wewe badala ya fedha, hatua hii imefanikiwa.

Yapo mambo manne ya kujihadhari nayo. Usiweke tarehe usiyo na uhakika nayo; kama mshahara huingia tarehe 28, ahidi tarehe 5 ili ucheleweshaji wa siku chache usikuvunjie neno. Usikope kwa rafiki mmoja kumlipa mwingine. Usiseme "Mungu akijalia" mahali pa tarehe, kwa maana mdai amekwisha kuisikia sana. Na kama kuna rafiki ambaye wewe ndiye unayemdai, usirudi na dai lako. Liache lilale mpaka uhusiano usimame, kwani huenda mwaka wake ulikuwa kama wako.

Kama deni ni la mchezo wa fedha ambao ulipokea ukaacha kuchanga, mwendee kijumbe, yule anayeusimamia mchezo, kwanza, kabla ya wanachama. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu kukutetea, na mara nyingi ndiye aliyejaza pengo lako kutoka mfukoni mwake.

## Hatua ya 5: Nenda kwenye misiba, harusi na uzazi uliokupita

Watu hudhani kwamba pole ina muda wake, kwamba arobaini ikishapita na tanga likishaanuliwa hakuna la kusema tena. Sivyo. Aliyefiwa hupokea pole ya baada ya mwaka, na wakati mwingine huipokea kwa moyo zaidi, kwa sababu wale wengine wote wamekwisha kuacha kuulizia.

Pole ya kuchelewa haipelekwi kwa simu. Nenda nyumbani, saa za alasiri, ukiwa na bahasha. Kwa mtu anayejikusanya upya, Sh 10,000 au 20,000 ni heshima tosha. Piga hodi, salimia waliopo kwa utaratibu wao, shikamoo kwa wakubwa, kisha ukishakaribishwa kukaa useme jambo moja: "Nimekuja kwa ajili ya mama. Sikuwepo mlipomzika." Halafu nyamaza.

Kunyamaza huko ndiko kazi yenyewe. Mwenzako ataanza kusimulia tangu mwanzo, ugonjwa ulivyoanza, gari lililowapeleka hospitali, nani alikuwepo usiku ule, kaburi lilichimbwa upande gani. Sikiliza mpaka mwisho, na uulize maswali yanayomrudisha kwenye simulizi yake. Kwa Waislamu unaweza kuulizia hitma ilisomwa lini, kwa Wakristo kama kuna misa au ibada ya kumbukumbu inayokuja, kwa sababu hiyo ndiyo nafasi yako ya kuwepo safari hii.

Usieleze siku hiyo kwa nini hukuja, isipokuwa umeulizwa, na ukiulizwa toa zile sentensi tatu tu. "Sikuwa na nauli" linaweza kuwa kweli tupu, lakini likisemwa pale linamgeuza mfiwa kuwa mfariji. Niliwahi kufanya kosa hilo Temeke, na dada aliyefiwa na mume akaingia chumbani kunitafutia nauli ya kurudia. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Harusi ni nyepesi zaidi. Kama kadi ya mchango ilikupita, usimtafute mweka hazina wa kamati, kwani kamati imekwisha kuvunjwa na mahesabu yamefungwa. Peleka zawadi nyumbani kwa wanandoa: doti ya khanga, seti ya vikombe, hata kilo kadhaa za sukari na unga. Kwa mtoto aliyezaliwa ukiwa hupo, chukua nguo inayolingana na umri wake wa sasa, kwa sababu huenda ameshaanza kutembea, na jina lake ulijue kabla hujabisha hodi.

Utajua kwamba umefika vizuri ukiona unasindikizwa hadi barabarani. Kwa desturi zetu, mgeni aliyeagwa mlangoni bado ana kazi.

## Hatua ya 6: Piga simu ya kwanza

Kwa wale usio na deni wala msiba wao, anza na simu. Piga kati ya saa kumi jioni na saa mbili usiku. Simu ya alfajiri au ya usiku wa manane kutoka kwa mtu aliyepotea mwaka mzima inapokewa kama tanzia, na mwenzako atakuwa ameshashika kifua kabla hujasema salaam. Epuka pia Ijumaa adhuhuri na Jumapili asubuhi.

Chagua na majira ya mwezi. Siku chache baada ya mishahara watu wana utulivu, lakini wiki ya mwisho kabla ya mshahara kila simu ya ghafla inashukiwa. Januari uiache kabisa. Watu wanahangaika na ada za shule, na hata ukiwa na nia safi namna gani, simu yako itahesabiwa miongoni mwa zile za kuomba. Ramadhani, kwa upande mwingine, ni mwezi mzuri mno, kwa kuwa mwaliko wa futari hauhitaji sababu.

Usibipu. Mtu aliyekaa kimya mwaka mzima kisha akabipu amesema kila kitu kuhusu anavyomthamini mwenzake.

Sentensi ya kwanza baada ya salamu iondoe hofu: "Sina shida yoyote, nimekupigia kukusalimu." Ya pili iguse safu ya pili ya daftari lako: "Nimesikia mlihamia Mbagala, na kwamba mtoto amefaulu darasa la saba." Hapo atazungumza. Atakapouliza ulikuwa wapi, unazo sentensi tatu. Kwa simu hii dakika kumi zinatosha.

Asipopokea, usirudie siku hiyo. Tuma ujumbe mmoja wa maandishi, kwa mtu mmoja, wenye jambo ambalo lisingeweza kutumwa kwa mwingine yeyote. Linganisha hizi mbili:

"Habari zenu wapendwa. Nimekuwa kimya kwa muda mrefu kutokana na changamoto nyingi nilizopitia mwaka huu. Naomba mnisamehe na tuendelee kuwa pamoja."

"Salaam kaka. Nimepita leo pale tulipokuwa tunakunywa kahawa, mzee bado ana ile birika yenye mpini wa waya. Nilikaa kimya mwaka mzima, na ni kosa langu. Jumamosi saa kumi nitakuwa pale, ukipata nafasi pita."

Ya kwanza haina wa kujibu, kwa sababu haikuandikwa kwa mtu. Ya pili ina siku, saa na mahali, na inamwachia mwenzako uhuru wa kutokuja bila kukuvunjia heshima. Ujumbe wa sauti uache kwa sasa, na kama ni lazima usizidi dakika moja.

Walio mbali hufuata kanuni hiyo hiyo kwa saa zao. Muscat iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa moja tu, kwa hiyo jioni yako ni jioni yao. Aliye Toronto yuko nyuma kwa saa saba au nane kulingana na msimu, na wakati mzuri kwake kwa kawaida ni Jumamosi yako usiku.

Alama ya kufanikiwa ni moja tu: mmeachana mkiwa na siku iliyotajwa. Neno "tutafutane" likitokea, libadilishe papo hapo: "Basi tuseme Jumapili."

## Hatua ya 7: Onaneni mahali ambapo hakuna atakayeaibika

Mahali pa kukutana pachaguliwe kwa mfuko wa mwenye kidogo zaidi, ambaye huenda ni wewe. Kijiwe cha kahawa kinafaa kuliko mgahawa, kwani kikombe na kashata havimuumizi mtu na kila mmoja anaweza kumlipia mwenzake bila mashindano. Jumapili ya ufukwe wa Coco Beach, mihogo ya kukaanga na pilipili mkononi, inafaa kwa wenye watoto, kwa sababu watoto hujaza vimya vyenu. Baa ninaishauri iachwe mara ya kwanza. Raundi ya pili ikifika unaanza kuhesabu noti kichwani, na mtu anayehesabu hasikilizi.

Sikukuu za taifa zenye tarehe zisizobadilika, kama Sabasaba tarehe 7 Julai, Nanenane tarehe 8 Agosti na ile ya tarehe 14 Oktoba ya kumkumbuka Mwalimu Nyerere, huwapa watu alasiri tulivu na zinafaa kukutania.

Mkishaketi, usikimbilie kueleza. Rafiki yangu mmoja, dereva wa lori, alikaa na mimi karibu nusu saa tukizungumzia mizani za barabarani na bei ya matairi. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa. Kisha akasukuma kikombe chake upande wangu ili mzee muuza kahawa amjazie, akasema bila kunitazama, "Nilikuja kwako mwezi wa sita. Mlinzi akaniambia umetoka. Nikaona viatu vyako mlangoni."

Hapo ndipo penye jaribio lote la kurudi. Ukijitetea, kwamba ulikuwa umelala, kwamba mlinzi hakukuambia, umeharibu. Mimi nilijibu, "Nilikuwepo. Nilikuona dirishani." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, kisha akaagiza kashata mbili. Hatujawahi kulirudia jambo lile.

Kwa hiyo jiandae kusikia kosa lako likitajwa kwa maelezo yake yote, na ulipokee kama lilivyo. Usijibu kwa "na wewe hukunitafuta." Hata kama ni kweli, halina siku nzuri ya kusemwa kuliko baada ya miezi, tena kwa utani. Ikiwa kosa lilikuwa zito, mathalani mlitukanana au fedha za watu zilipotea mikononi mwako, usiende peke yako. Mtangulize mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote mbili apeleke salamu na kuuliza kama utapokewa.

Usikope siku hiyo. Usikope pia miezi mitatu ya mbele kwa mtu yeyote aliye kwenye orodha. Ulisema huna shida, na neno hilo litapimwa.

## Hatua ya 8: Rudi kwenye kundi, mwisho kabisa

Wengi huanza na hatua hii kwa kuwa ni rahisi, na ndiyo maana inawashinda. Kundi la WhatsApp lenye watu arobaini halina anayewajibika kukujibu, na kimya cha watu arobaini kinauma kuliko cha mmoja. Rudi ukiwa umekwisha kuonana na angalau watatu, ili salamu yako ipate waitikiaji.

Kama ulijiondoa mwenyewe, usiwe na wasiwasi mkubwa. Tangu mwaka 2022 WhatsApp humjulisha msimamizi peke yake mtu anapojitoa, kwa hiyo wengi huenda hawakuona. Muombe msimamizi kwa faragha akuingize siku ya kawaida, wala si siku ya tanzia au ya kukusanya michango. Andika mistari miwili: salamu na shukrani kwa waliokutafuta. Historia yako usiiweke pale. Ukikuta mchango unaendelea, changia kidogo ulichonacho kimya kimya, na usiandike kwamba ni kidogo kwa sababu ya hali.

## Hatua ya 9: Miezi mitatu ya kuonekana

Mtu aliyepotea mara moja anaangaliwa kama atapotea tena. Weka ratiba ndogo unayoimudu: simu moja kila Jumapili jioni, ziara moja kila wiki mbili, na msiba wowote utakaotokea kwa mmoja wa wale watano uende siku ya kwanza, ukae na wanaume chini ya turubai au na wanawake jikoni, ufanye kazi utakayopewa. Siku moja ya kuosha masufuria msibani inafuta simu nyingi ambazo hazikupokelewa.

Ikitokea mwezi mbaya tena, nao utatokea, tuma neno kabla ya kunyamaza: "Mwezi huu nimebanwa, sitaonekana sana, lakini nipo." Na ile 30,000 ikishindikana tarehe 5, iseme tarehe 3.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu fungua daftari na uhesabu wangapi wamekupigia wao kwanza, bila wewe kuanza. Wawili kati ya watano ni mavuno mazuri. Hapo ongeza majina mengine matano na urudi Hatua ya 1.

## Asiyejibu

Atakuwepo. Umempigia mara moja, umemwandikia mara moja, tiki mbili za bluu zimetokea na hakuna neno. Usimtumie mtu kumuuliza kwa nini, wala usipite mbele ya kazini kwake kana kwamba ni bahati. Mwache miezi mitatu au minne, kisha mpelekee salamu ya sikukuu, ya Idd au ya Krismasi, yenye jina lake na jina la mtoto wake, isiyoomba jibu. Fanya hivyo kila sikukuu kwa mwaka mmoja.

Wangu alijibu salamu ya tatu, kwa maneno mawili: "Nawe pia." Sikumpigia siku ile wala wiki ile. Nimeandika tarehe kwenye safu yake, na nitamwandikia tena sikukuu ijayo.